Anayeruka na Anayemfuata

Ubishi huu una umri mkubwa kuliko wengi wetu. Tangu Mei 1940, Wajerumani walipoiteka ngome ya Ubelgiji kwa kuishukia kutoka juu, majenerali hawajakubaliana. Wako wanaoamini kwamba askari wa miavuli wanaweza kufupisha vita, na wako wanaoamini kwamba hiyo ni njia ya gharama mno ya kuwapoteza vijana hodari kuliko wote jeshini. Hoja za pande zote zina uzito, na kuzisimulia kwa sauti moja ni kuzipunja. Nimeweka basi sauti tatu mezani, kila moja na kazi yake. AFANDE amelitumikia jeshi na amewahi kuruka. MWALIMU anafundisha historia, na huhesabu makaburi kwanza ndipo asifu ushindi. MAMA asili yake ni Kisangani, mji ulioshukiwa na miavuli alfajiri moja ya Novemba 1964, na kwa sababu yake mjadala huu hauwezi kuishia Ulaya. Mimi nitaingia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza.

AFANDE: Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wanaijua kwa filamu tu. Umesimama ndani ya ndege yenye kelele, mgongoni mwavuli mkubwa, tumboni mwavuli wa akiba, mguuni mzigo. Mwavuli wako una kamba yenye kulabu, na kulabu hiyo unaitundika kwenye waya uliopita juu ya vichwa vyenu. Kila mtu anamkagua aliye mbele yake. Taa nyekundu, taa ya kijani, mlango. Kamba inavutika na kuufungua mwavuli. Wewe unahesabu tu, kisha unatazama juu kuona kama kitambaa kimejaa hewa. Vitani huruki kutoka juu sana, mita 200 au 250 hivi, ili usining'inie hewani ukawa shabaha. Kabla ya dakika moja kwisha uko chini, na hapo ndipo kazi inapoanza: umtafute mwenzako, mumtafute kiongozi, mwende mlikoagizwa. Kifaru hamna, mzinga mzito hamna, risasi ni zile mlizobeba. Mtu huyo anapelekwa pale kwa sababu kuna jambo lisiloweza kusubiri barabara. Daraja litalipuliwa, au mateka watauawa.

MWALIMU: Tupe basi mfano uliofanikiwa, Afande.

AFANDE: Ngome ya Eben-Emael, tarehe 10 Mei 1940. Ilikuwa inalinda madaraja ya mfereji wa Albert, na Wabelgiji waliamini haitekeki. Wajerumani wasiofika 90 walitua juu ya paa lake kwa ndege zisizo na injini, zilizovutwa angani kisha zikaachiwa ziteleze kimyakimya. Walikuwa na baruti za aina mpya zenye kutoboa chuma, wakaitia upofu mizinga ya ngome. Kesho yake mamia ya askari waliokuwa ndani wakajisalimisha. Halafu njoo Normandy, Ufaransa, usiku wa kuamkia 6 Juni 1944. Meja John Howard wa Uingereza naye alikwenda kwa ndege zisizo na injini. Tatu kati ya hizo zilitua gizani pembeni kabisa mwa daraja la mfereji wa Caen, saa 6 na dakika 16 usiku. Baada ya dakika kama 10 daraja lilikuwa lao, zima, halijalipuliwa.

MWALIMU: Na mchana wa siku hiyo nani aliwafikia?

AFANDE: Makomandoo wa Lord Lovat, waliotokea ufukweni kwa miguu.

MWALIMU: Basi shika hapo hapo. Hata Eben-Emael ilijisalimisha baada ya jeshi la Wajerumani la nchi kavu kuwasili. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na mimi hoja yangu nzima iko hapo. Twende Krete. Asubuhi ya 20 Mei 1941 askari wa miavuli wa Jenerali Kurt Student walianza kukishukia kisiwa hicho cha Ugiriki. Waingereza walikuwa wamenasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani, kwa hiyo waliotakiwa kushtukizwa walikuwa wanasubiri. Tena mwavuli wa Kijerumani wa wakati ule ulimshika mtu kwa nyuma, katikati ya mabega. Aliyening'inia hakuweza kuuongoza, na alitua kwa mikono na magoti. Wengi waliruka na bastola na mabomu ya mkono tu, bunduki zao zikishuka peke yake ndani ya makasha. Hebu fikiria: mtu anaangukia shamba la mizeituni, analiona kasha lake kule, na kati yake na kasha kuna bunduki ya rashasha ya askari wa New Zealand. Batalioni moja karibu na Maleme ilipoteza kiasi cha theluthi mbili ya watu wake. Hata wanakijiji waliwakabili kwa shoka na visu. Wajerumani walipolipiza kisasi, tarehe 2 Juni waliwapiga risasi wanaume wa kijiji cha Kondomari, na kesho yake wakaiteketeza Kandanos.

AFANDE: Lakini Krete ilitekwa, Mwalimu.

MWALIMU: Ilitekwa na nani? Usiku wa kwanza, kamanda wa batalioni ya New Zealand iliyokuwa imeshika kilima cha 107, kile kinachotazama kiwanja cha ndege cha Maleme, alikosa mawasiliano na kombania zake. Akadhani zimeangamia, akajiondoa. Asubuhi Wajerumani wakakikuta kilima kitupu. Siku hiyo hiyo ndege za Junkers zikaanza kutua kiwanjani, mizinga ikizipiga, zikimimina askari wa milimani. Hao ndio walioishinda Krete. Wajerumani kama 4,000 walikufa au kutoweka, na Hitler akamwambia Student kwamba enzi ya askari wa miavuli imekwisha.

AFANDE: Waingereza na Wamarekani waliitazama vita hiyo hiyo wakapata somo jingine: askari ashuke na silaha yake. Ndiyo asili ya ule mfuko wa mguuni, unaoachiwa kwa kamba kabla hujagusa ardhi.

MWALIMU: Mfuko ambao Wamarekani wengi uliwachomoka Normandy kwa nguvu ya upepo, mara tu walipotoka mlangoni.

AFANDE: Sikatai. Lakini tuizungumze Normandy, maana huko ndiko kwenye hoja yangu kubwa. Zaidi ya Wamarekani 13,000 wa divisheni za 82 na 101 waliruka usiku ule. Kabla ya hapo, mkuu wa majeshi ya anga ya washirika, Leigh-Mallory, alimsihi kamanda mkuu Eisenhower aifute safari yao, akihofia kwamba wengi wao wangepotea. Eisenhower alikataa. Mawingu na mizinga ya kutungulia ndege ikawatawanya kila upande; wengine wakazama kwenye mabonde ya mito ya Merderet na Douve, ambayo Wajerumani walikuwa wameyajaza maji kwa makusudi. Usiku kucha watu wa 101 walitambuana kwa kidude cha bati kinacholia kikibonyezwa. Anayekibonyeza mara moja anajibiwa mara mbili. Koplo alijikuta na luteni asiyemfahamu na mpishi wa kombania nyingine, wakaunda kikosi pale pale. Na mtawanyiko ule uliwavuruga Wajerumani: taarifa ziliingia kutoka kila kijiji, wasijue shambulio lenyewe liko wapi. Waliouawa, kujeruhiwa au kupotea siku hiyo katika divisheni hizo mbili ni kama 2,500. Ni wengi, lakini si maangamizi aliyoyaogopa Leigh-Mallory, na yeye mwenyewe alimwandikia Eisenhower kumwomba radhi.

MWALIMU: Normandy nakupa, ila na sababu yake uitaje. Asubuhi ile meli zilikuwa zimekwisha kufika pwani. Mwaka mmoja kabla yake, usiku wa 11 Julai 1943 huko Sisilia, Wamarekani waliwarukia Wamarekani wenzao waliokuwa tayari nchi kavu. Mizinga ya meli na ya ufukweni, yote ya washirika, ikadhani ni adui. Ndege 23 kati ya 144 ziliangushwa na watu wa jeshi lao wenyewe.

Hapa niingilie, kwa sababu vita vinavyofuata ndivyo vilivyonifanya nichague upande.

Septemba 1944 Montgomery, kamanda wa Uingereza, alitaka kuvuka mito ya Uholanzi kwa mkupuo mmoja na kuingia Ujerumani kabla ya majira ya baridi. Divisheni tatu zingeshuka kutoka angani na kushika madaraja, la mbali kuliko yote likiwa la Arnhem juu ya mto Rhine. Vifaru vya Jenerali Horrocks vingepita juu ya madaraja hayo kutoka mpaka wa Ubelgiji, mwendo wa kilomita kama 100, kwa barabara moja tu iliyoinuliwa juu ya mashamba yenye maji. Waingereza wa Arnhem waliambiwa washikilie kwa siku 2. Ndege hazikutosha kuwabeba wote siku moja, kwa hiyo waliletwa kwa mafungu, na viwanja vyao vya kutua vilikuwa mbali na daraja, vingine kilomita 10 na zaidi. Redio hazikusikilizana. Kamanda wa divisheni, Jenerali Urquhart, alinaswa mjini akajificha darini wakati vita vikiendelea bila yeye.

Kanali John Frost alifika darajani jioni ya 17 Septemba na watu ambao hatimaye walifika kama 740. Walishika nyumba za upande wa kaskazini. Msafara wa magari ya deraya ya Kijerumani ulipojaribu kuvuka kwa nguvu, waliuchakaza pale pale. Baada ya hapo vifaru vilianza kuzibomoa nyumba moja baada ya nyingine. Majeruhi walilazwa kwenye vyumba vya chini vilivyojaa, na juu yao nyumba zinawaka. Walidumu mpaka asubuhi ya tarehe 21. Siku moja kabla, Wamarekani wa divisheni ya 82 walikuwa wamevuka mto Waal mchana kweupe, kwa mashua za turubai, wakalishika daraja la Nijmegen. Kilomita chache tu zikabaki, na hazikuvukwa. Kati ya watu kama 10,000 waliopelekwa Arnhem, waliorudi kwa kuvuka Rhine usiku hawakufika 2,400. Waholanzi wa upande wa kaskazini walibaki chini ya Wajerumani, wakaingia kipupwe cha njaa kilichoua watu kama 20,000.

Ushujaa wa Frost siuwekei swali. Ninachokataa ni kuutumia kuufunika mpango. Waliopanga walijua barabara ni moja, walijua ndege hazitoshi, wakategemea kwamba uhodari wa waliotangulia utaziba mapengo ya wanaofuata.

AFANDE: Umesema kweli, na imeniuma. Ila usiwasahau watu waliokula kutoka angani. Mwaka huo huo wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa kwetu wa King's African Rifles (KAR), ilipita bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua kubwa. Barabara ilikuwa tope tupu. Chakula na risasi vilishuka kwa miavuli, na mwezi Desemba wakaingia Kalewa.

MWALIMU: Hapo sina ubishi. Mwavuli uliomfuata askari ndio uliomweka hai.

MAMA: Mmezunguka Ulaya mpaka Burma. Mimi naomba tuje Kisangani.

AFANDE: Karibu, Mama.

MAMA: Wakati ule uliitwa Stanleyville. Agosti 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji. Sitawatetea, Baba. Waliwaua Wakongomani kwa mamia, makarani, walimu, watu wa serikali, wengine hadharani mbele ya mnara wa ukumbusho wa Lumumba. Kisha jeshi la serikali lilipokaribia, likiwa na mamluki wa Kizungu, wakawashika wageni kuwa mateka. Tarehe 23 Novemba watu walikuwa wamekaa Nairobi wakizungumza: Thomas Kanza kwa upande wa Simba, balozi wa Marekani William Attwood, na Jomo Kenyatta akipatanisha kwa niaba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Alfajiri ya 24, saa 12, ndege tano za Marekani zikawamwaga makomandoo 320 wa Ubelgiji juu ya kiwanja cha Simi-Simi.

AFANDE: Kwa kazi ya miavuli, asubuhi ile inafundishwa mpaka leo. Kanali Laurent aliwatoa watu wake Ubelgiji, wakapitia kisiwa cha Ascension, wakalala Kamina. Njia ya ndege ilikuwa imezibwa kwa mapipa na magari mabovu. Waliisafisha, ndege zikatua na wenzao. Wakaelekea mjini mbio.

MAMA: Na kabla hawajafika? Simba waliwatoa mateka kama 250 hotelini, wakawakalisha barabarani. Milio ilipokaribia wakawafyatulia risasi. Kama 20 walikufa papo hapo, akiwamo daktari Mmarekani, Paul Carlson, aliyepigwa risasi akijaribu kuparamia ukuta. Makomandoo wakatokea dakika chache baadaye.

AFANDE: Mama, niseme kwa heshima. Wasingekuja, wangekufa wote. Siku ile na zile zilizofuata, pamoja na kuruka Paulis tarehe 26, watu kama 2,000 walitolewa. Makomandoo waliouawa hawafiki hata 5. Nani angeweza kuwafikia kwa barabara kabla ya risasi kwisha?

MAMA: Hilo nakubali. Mtoto akiwa mikononi mwa mwenye bunduki, mama yake hamwulizi mwokozi pasipoti. Mimi nauliza lingine. Wale 2,000 walikuwa nani?

AFANDE: Wengi wageni.

MAMA: Wengi wageni. Makomandoo walikaa siku chache, wakapanda ndege na kurudi kwao. Nani aliingia mjini nyuma yao? Lile jeshi la serikali, safu ya Vandewalle, asubuhi ile ile, na mamluki wa Mike Hoare ndani yake. Kilichofuata mitaani kiliwapata watu wa pale. Mwanamume akishukiwa kuwa Simba alikuwa amekwisha. Maduka yaliporwa, nyumba zikavunjwa. Ng'ambo ya mto, ambako siku ile hakuna aliyevuka kwenda, wamisionari waliuawa. Mwalimu anasema anayefuata ndiye anayeamua. Kwetu waliofuata walikuwa wale.

MWALIMU: Mama amelitaja jambo ambalo mimi nililiacha nje. Nilikuwa napima kijeshi tu: je, waliotangulia walifikiwa? Kisangani walifikiwa, tena kwa wakati. Kwa kipimo changu huo ni ushindi safi.

MAMA: Ndiyo maana kipimo chako hakitoshi, Mwalimu.

AFANDE: Mama, komandoo hachagui anayefuata. Anapewa kiwanja na saa. Laurent aliagizwa kuokoa raia wa nchi yake, akafanya hivyo. Hata Kolwezi, huko huko Kongo, 1978, ilikuwa hivyo. Waasi kutoka Angola waliushika mji ule wa migodi tarehe 13 Mei. Tarehe 19 askari wa Ufaransa wa kikosi cha kigeni, chini ya Kanali Erulin, wakaruka kutoka ndege zilizoondokea Kinshasa, tena kwa miavuli ya Kimarekani ambayo hawakuwa wameizoea. Wazungu zaidi ya 100 walikuwa wamekwisha kuuawa, na Waafrika kwa mamia. Waliobaki waliokolewa.

MAMA: Na waliopelekwa Ulaya kwa ndege?

AFANDE: Wazungu.

Ninakubaliana na Mama. Wanahistoria wa vita wameandika sana kuhusu sekunde za mlangoni, aina ya ndege, upana wa kiwanja. Wameandika kidogo mno kuhusu wiki ya pili. Serikali nyingi za Afrika zililaani vikali tukio la Stanleyville, na mwezi Desemba 1964 jambo lilifika Baraza la Usalama. Wengine leo huisoma hasira ile kama uonevu kwa waokoaji. Mimi naiona kama swali la haki kabisa: ikiwa dunia ina ndege, mafuta na makomandoo wa kuvuka bahari ili kufika Simi-Simi, kwa nini uwezo wote huo ulifika mwisho pale wageni walipokwisha kupanda ndege?

MWALIMU: Kuna wanaosema mjadala wenyewe umepitwa na wakati, kwamba makombora ya siku hizi hayaziachii ndege nafasi. Tarehe 24 Februari 2022 Warusi waliwashusha askari wao kwa helikopta kwenye kiwanja cha Hostomel, karibu na Kyiv, wakitaka ndege kubwa zitue nyuma yao na jeshi la kuuteka mji. Waukraine wakakipiga kiwanja kwa mizinga, ndege kubwa hazikutua. Msafara wa nchi kavu ulifika, lakini njia ya ndege ilikuwa imeharibika na Kyiv haikutekwa. Ni Maleme ile ile, ila safari hii waliokuwa wanangojewa hawakutua.

AFANDE: Kwa hiyo kikosi kivunjwe?

MWALIMU: La. Kipewe kazi ambazo hakuna mwingine anayeweza kuzifanya, na kamanda asitie saini mpaka aonyeshwe nani atafika, kwa njia ipi, siku gani. Kama jibu ni barabara moja na matumaini, ndege zisiruke.

AFANDE: Sharti hilo nalikubali. Askari yeyote aliyewahi kusimama mlangoni atalikubali.

MAMA: Ongezeni na la kwangu. Kabla ya kuruka juu ya mji wa watu, iandikwe kwenye amri hiyo hiyo: wenyeji watalindwa na nani, na kwa muda gani, wageni wakishaondoka.

AFANDE: Hilo, Mama, makomandoo 320 hawaliwezi. Linataka jeshi kubwa zaidi na muda mrefu zaidi, na pengine serikali isingekubali kamwe, safari yote ingefutwa, na wale waliokaa barabarani wangekufa.

MAMA: Huenda. Basi waambieni wenyeji mapema, kwa redio, kwa Kiswahili, kwamba wanaokuja hawakuja kwa ajili yao, ili wapate usiku mmoja wa kuvuka mto.